Ziwa Tanganyika: Boti salama kwa mwanakijiji kwanza, mtalii atafuata

*Lami imeshuka kutoka Sumbawanga hadi Kasanga. Kuanzia hapo, njia ya vijiji vingi vya mwambao wa Rukwa ni maji. Mkoa unataka njia hiyo ilete watalii. Swali ni nani anapaswa kutengenezewa safari kwanza.*

Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

Gari linaloondoka Sumbawanga alfajiri hujaa watu waliovaa makoti. Mji huu uko karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na upepo wa uwanda wa Ufipa asubuhi hauna huruma. Gari linapita Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo, halafu linaanza kuteremka. Kona moja baada ya nyingine, abiria wanafungua vifungo, wanafungua madirisha, na hatimaye makoti yanawekwa mapajani. Upande wa magharibi linatokea Ziwa Tanganyika.

Kasanga iko kwenye ufukwe wa ziwa hilo, mita zipatazo 773 tu kutoka usawa wa bahari. Kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 100 msafiri ameshuka kimo cha kilomita moja na kidogo, na hajatoka ndani ya mkoa.

Mwaloni, boti ya mbao imeelekeza pua nchi kavu. Wabebaji wanaingia majini hadi kiunoni wakiwa na magunia ya mahindi, mabati, magodoro na kreti za soda. Shehena ikishapangwa, ndipo watu wanapanda juu yake. Wanaume wanakunja suruali, wanawake wanapokezana watoto juu ya maji. Ratiba hakuna. Boti huondoka ikijaa, na kila mmoja ana maoni yake kuhusu kujaa ni nini.

Jaketi okozi zikiwepo, mara nyingi hazilingani na idadi ya vichwa.

Siku moja moja, katikati ya magunia hayo huketi pia mgeni mwenye begi mgongoni na kamera shingoni, aliyekuja kuliona ziwa kwa siku moja. Yeye na mama anayerudi kijijini Wampembe wanasafiri kwa chombo kimoja, upepo mmoja na hatari moja. Mjadala wa utalii wa boti mkoani Rukwa unapaswa kuanzia hapo.

Ukuta wa milima, njia ya maji

Ufipa imekaa kati ya maziwa mawili. Mashariki, chini ya miinuko ya Mbizi, liko Ziwa Rukwa, lisilo na mto wa kutoa maji yake. Magharibi, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, liko Tanganyika, ziwa lenye kina cha mita 1,470. Duniani linapitwa na Baikal la Urusi peke yake. Lina urefu unaozidi kilomita 650, na linagawanywa na nchi nne: Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, Burundi na Zambia.

Ukingo huo huo unaompendeza mgeni ndio unaomtesa mkazi. Milima inashuka karibu wima hadi majini, na kuchonga barabara kwenye mteremko wa namna hiyo ni kazi ya gharama kubwa. Vijiji vya mwambao, kuanzia Samazi kwenda Kala, Wampembe, Ninde, Kipili, Kirando hadi Kabwe, vimejibanza kwenye vipande vya ardhi tambarare kati ya mlima na maji. Baadhi vina barabara ya kushuka kutoka uwandani. Masika ikishika, nyingi ya barabara hizo hugeuka tope na mawe.

Kwa hiyo mambo hupita majini. Mahindi, maharage na ulezi wa uwandani hushuka. Dagaa na migebuka iliyokaushwa hupanda hadi masoko ya Namanyere na Sumbawanga. Saruji na nafaka huvuka kwenda Congo na Burundi. Mwalimu aliyehamishwa huja na vitanda vyake kwa boti. Mjamzito aliyezidiwa usiku hulazwa kwenye mbao za boti na kuwahishwa kwenye kituo cha afya chenye uwezo, upepo ukiruhusu.

> *Mwambao wa Rukwa hauna haja ya kufundishwa safari ya boti. Una haja ya kupewa boti yenye uhakika.*

Meli iliyozoeza watu safari

Kwa vizazi vitatu, uhakika huo ulikuwa na jina: Liemba.

Meli hiyo ilijengwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, ikiitwa Graf von Goetzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye maelfu ya masanduku, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kupelekwa kwa reli Kigoma, ambako iliunganishwa na kuteremshwa majini Februari 1915. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isiangukie mikononi mwa maadui, baada ya kuzipaka injini zake mafuta mazito zisiliwe na kutu. Mwaka huo huo Waingereza waliikamata Kasanga, ambayo Wajerumani waliiita Bismarckburg na ambako mabaki ya ngome yao bado yapo. Waingereza waliiibua meli mwaka 1924 na kuirudisha kazini mwaka 1927 ikiwa na jina jipya.

Tangu hapo, Liemba ilipanda na kushuka kati ya Kigoma na Mpulungu, Zambia, ikisimama kwenye vijiji visivyo na gati. Ilipiga honi mbali na ufukwe, na boti ndogo zikaikimbilia zikiwa na abiria, samaki, mananasi na kuku. Mwaka 1997 ilibeba wakimbizi waliokuwa wakirejea Congo, na mwaka 2015 ilitumwa Kagunga kuwachukua wakimbizi wa Burundi.

Mwishoni mwa muongo uliopita ilisimama. Serikali imetenga mabilioni ya shilingi kuikarabati mjini Kigoma, na watu wa mwambao wameisubiri kwa hamu. Lakini kijiji hakiwezi kuahirisha maisha kikisubiri meli. Pengo lilijazwa na boti za mbao zenye injini ya kupachika, zilizojengwa na mafundi wa hapo hapo ziwani, zikiendeshwa na manahodha wanaoujua ufukwe kwa macho na kwa kumbukumbu.

Mabadiliko hayo yana uzito wake. Meli kubwa ilikuwa na nahodha mwenye cheti, redio, orodha ya abiria na siku inayojulikana. Boti ya kijiji ina ujuzi wa mwenyewe. Ujuzi huo ni wa kuheshimiwa, ila hauelei pale boti inapopinduka.

Utajiri ulio umbali wa saa chache

Anayesema Rukwa ina cha kuonyesha majini ana hoja nzito.

Kusini mwa Kasanga, mpakani kabisa na Zambia, Mto Kalambo unaingia ziwani. Ukipanda juu ya bonde lake unayakuta maporomoko ya Kalambo, maji yanayodondoka mita zipatazo 235 kwa mruko mmoja. Hayo ni miongoni mwa maporomoko marefu zaidi barani Afrika. Korongo marabu hujenga viota kwenye kuta za genge hilo. Upande wa Tanzania, Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) ndio wasimamizi, na ngazi zimejengwa kumshusha mgeni hadi mahali pa kuyaona maji vizuri.

Juu ya maporomoko, kwenye kingo za mto huo huo upande wa Zambia, kuna habari kubwa zaidi. Mtaalamu wa mambo ya kale J. Desmond Clark alianza kuchimba hapo miaka ya 1950. Mwaka 2019 timu iliyoongozwa na Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool ilifukua magogo mawili yaliyochongwa na kupishanishwa kwa makusudi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 yalionyesha kuwa yana umri wa miaka ipatayo 476,000, kabla binadamu wa aina yetu hajatokea. Hadi sasa hakuna muundo wa mbao wa kale zaidi unaojulikana duniani. Mkazi wa Kalambo ni jirani wa ukurasa wa mwanzo kabisa wa historia ya ufundi, na bado watoto wengi wa shule mkoani hawajapelekwa kuuona mto huo.

Ukielekea kaskazini, mbele ya Kipili na Kirando, vimetawanyika visiwa vyenye mawe makubwa na maji maangavu. Mawe hayo ni makazi ya samaki wadogo wa rangi, wa jamii ya sikilidi. Ziwa Tanganyika lina zaidi ya spishi 200 za jamii hiyo, na karibu zote hazipatikani kwingine. Aina moja ya samaki huweza kubadilika rangi kutoka ghuba moja hadi nyingine, kwa sababu mchanga wa katikati huwazuia kuhama. Wafugaji wa samaki wa mapambo wa Ulaya na Marekani huwatofautisha kwa majina ya mahali walikotoka, Kasanga na Kipili yakiwamo. Majina ya vijiji vyetu yamebandikwa kwenye matangi ya kioo ya watu ambao hawajawahi kukanyaga huku.

> *Aina za samaki zimetofautiana kutoka ghuba hadi ghuba, na hupati kuziona isipokuwa kwa boti.*

Safari ya siku moja inatosha kuonja utajiri huu: alfajiri kutoka Sumbawanga, asubuhi mwaloni, mchana kwenye bonde la Kalambo au kwenye visiwa, jioni kupanda tena baridini. Sio mikoa mingi nchini inayoweza kumpa mgeni uwanda wa baridi, ukingo wa Bonde la Ufa na ziwa la pili kwa kina duniani ndani ya siku moja.

Pande zinazovutana

Mbona basi safari hiyo haijawa biashara ya uhakika? Kila upande una jibu lake, na hakuna upande usio na haki kabisa.

Wasimamizi wa usafiri wa majini, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), wana wajibu wa kukagua na kusajili vyombo, kuweka kiwango cha abiria na kudai vifaa vya kujiokolea. Taifa limeshalipa gharama ya uzembe. MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996 karibu na Mwanza na kuua mamia ya watu. MV Nyerere ilipinduka Septemba 20, 2018 karibu na Ukara, mita chache kabla ya kufika gatini, na zaidi ya watu 220 walikufa. Hizo zilikuwa meli na kivuko vya serikali, kwenye ziwa jingine, lenye waokoaji na vyombo vingi jirani. Msimamizi anayezuia boti ya mbao iliyozidisha abiria kwenye ufukwe usio na mtu wa kuitwa anaokoa roho, hata kama abiria wanamnung'unikia.

Wenye boti nao wana hesabu zao. Petroli hushuka kutoka uwandani kwa madumu, na bei yake mwaloni huwa juu kuliko mjini. Injini, vipuri, leseni na ukaguzi vyote ni fedha. Wakiambiwa wapunguze abiria kwa theluthi, nauli lazima ipande, na wanaoumia ni wauza dagaa ambao faida yao ni ndogo tangu mwanzo. Wanalalamika pia kuwa sheria huwafikia kama faini, mara chache kama mkopo wa jaketi au mafunzo ya unahodha.

Wapo wanaosema boti zote ni suluhisho la muda, kinachotakiwa ni barabara. Hoja hii ina nguvu, na mfano wake unaonekana mbali na hapa. Katika delta ya Mto Mekong kusini mwa Vietnam, boti zilikuwa soko, teksi na nyumba kwa karne nyingi. Daraja la Can Tho lilipofunguliwa mwaka 2010, na barabara zikaongezeka, wafanyabiashara wakahamia kwenye malori. Soko maarufu la majini la Cai Rang limepungua mwaka hadi mwaka, na leo sehemu kubwa ya uhai wake inatokana na watalii wanaofika alfajiri kwa safari za siku moja.

Lakini delta ya Mekong ni tambarare. Ukingo wa Ufipa ni mwamba. Barabara za kuvifikia vijiji vyote vya mwambao zitachukua miaka mingi, na hata zikikamilika, njia ya boti itabaki fupi kuliko mzunguko wa kupanda uwandani na kushuka tena. Kwa mwambao wetu, kuichagua barabara na kuitupa boti ni kumwacha mtu bila njia kwa kizazi kizima.

Upande wa mwisho ni wa wanaotaka utalii uanze na boti za kisasa za kukodi. Kwao, mgeni ataleta fedha, na fedha zitateremka zenyewe hadi kijijini. Lakini ziwa hili tayari lina ushahidi wa kinyume. Gombe imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1968 na Mahale tangu 1985, na wageni huzifikia kwa boti. Boti za kasi za wageni zipo, ila boti za mbao zilizosheheni bado zinapita pembeni yake. Fedha ya mgeni haikushuka yenyewe hadi kwenye boti ya mwanakijiji. Inabidi itengenezewe njia.

Miezi mitatu ya ziwa kupumzika

Tangu 2024 kuna jambo jingine la kuzingatiwa. Kwa makubaliano ya nchi nne, shughuli za uvuvi ziwani husimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Mavuno yalikuwa yameshuka, na hata wavuvi wengi wanakubali kuwa kuendelea vile vile kungeliua ziwa. Lakini miezi mitatu bila kuvua ni miezi mitatu ambayo mvuvi, mbebaji, mchomaji na mwanamke muuza dagaa hawana kipato walichokizoea.

Kwa bahati, miezi hiyo ndiyo ya kiangazi, barabara ni kavu na wageni wengi hupenda kusafiri. Mvuvi mwenye boti, injini na ujuzi wa mawe yote ya ufukwe angeweza kupata riziki kwa kubeba wageni wakati nyavu zimeanikwa. Ni wazo zuri, na viongozi wa wilaya za Kalambo na Nkasi wanapaswa kulichukua kwa uzito.

Wazo hilo lina sharti, na sharti lenyewe ni upepo. Kati ya Mei na Septemba pepo za kusini-mashariki huvuma kwa nguvu kwenye ziwa. Ndizo zinazosukuma maji ya juu kuelekea kaskazini na kuyainua ya kina upande wa kusini, yakileta rutuba inayolisha dagaa. Upepo unaolishibisha ziwa ndio unaopindua boti. Msimu wa wageni, msimu wa mvuvi asiye na kazi na msimu wa mawimbi ni msimu mmoja. Kumwambia mvuvi abebe watalii bila kumpa jaketi, mafunzo na taarifa za hali ya hewa ni kumtuma yeye na wageni wake kwenye hatari.

> *Msimu wa wageni, wa mvuvi asiye na kazi na wa mawimbi ni msimu mmoja.*

Kinachowezekana sasa

Mengi ya yanayohitajika hayasubiri mfadhili mkubwa.

La kwanza ni mahali pa kupandia. Serikali, kupitia Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari, imewekeza katika bandari za Kasanga na Kabwe, na hilo ni jema. Kati ya bandari hizo kuna mialo ambayo mzee au mjamzito hapandi boti bila kubebwa na mtu majini. Gati fupi kwa kila mwalo mkubwa lingeokoa mifupa, mizigo na heshima ya watu.

La pili ni jaketi okozi. Chama cha wenye boti katika kila mwalo kinaweza kumiliki jaketi za pamoja, abiria akichukua anapopanda na kurudisha anaposhuka, kwa fedha kidogo iliyoingizwa kwenye nauli. Halmashauri hutoa mikopo ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kundi la vijana wa mwaloni linaweza kuiomba kwa kazi hii.

La tatu ni taarifa. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa maziwa. Utabiri huo ubandikwe mwaloni kila asubuhi na usomwe kwa kipaza sauti, na kuwe na mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema leo boti hazitoki, akasikilizwa na tajiri na maskini.

La nne ni siku na saa. Boti inayoondoka Jumanne na Ijumaa saa moja asubuhi, imejaa au haijajaa, itampa mwanakijiji uwezo wa kupanga hospitali na soko. Itampa mgeni uwezo wa kupanga safari yake. Hapo ndipo mtalii anapokuwa msaada wa kweli: nauli yake kubwa zaidi inaweza kufidia viti vitupu vya siku boti haikujaa, na nauli ya mwanakijiji ikabaki pale pale.

La tano ni mgawo. Ada ya mgeni anayepita kwenye kijiji kwenda maporomoko au visiwani iache sehemu yake kwenye serikali ya kijiji, kwa risiti na kwa hesabu inayosomwa kwenye mkutano wa hadhara.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji neno utalii ili lihalalishwe. Kila moja linamfaa abiria wa Samazi au Kala hata kama hakuna mgeni atakayekuja. Na kila moja ni jambo ambalo mgeni huuliza kabla ya kulipa: boti inaondoka saa ngapi, ina jaketi, napandia wapi, nani anajua upepo wa leo.

Rukwa inaweza kuchapisha mabango ya Kalambo na visiwa vya Kipili mwaka huu, na picha zitakuwa nzuri. Lakini fedha ya kwanza ya utalii wa ziwa iende kwenye gati la kijiji ambacho hakina, na ya pili inunue jaketi za abiria wake. Mabango yachapishwe kwa itakayobaki.